Mazuku

Mji wa Goma, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umeipa sayansi ya volkano neno la Kiswahili: mazuku. Wataalamu wa nchi za mbali huliandika hivyohivyo katika makala zao za Kiingereza na Kifaransa. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayojikusanya mabondeni na mashimoni, hasa magharibi ya mji, kuelekea Bulengo na Sake.

Chanzo chake kiko chini sana. Hapa Bonde la Ufa linalitanua bara la Afrika. Miamba hupasuka, na gesi itokayo kwenye magma hupanda kupitia nyufa hizo hata volkano ya Nyiragongo inapotulia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo hutuama shimoni kama maji. Haina rangi wala harufu, na huzidi usiku na alfajiri, upepo unapolala. Mbuzi akiingia huanguka. Anayemfuata kumwokoa huanguka pia.

Mlipuko wa Nyiragongo wa 2002 na wa 2021 kila mtu aliuona. Mazuku hayaonekani. Wazazi, wafundisheni watoto neno hili mapema, na ukiona mwenzako ameanguka shimoni, usishuke: ita msaada.