Mahubiri katika Ibada za Karagwe na Kyerwa

Husemwa mara nyingi kuwa Mkatoliki huenda kanisani kwa ajili ya altare, na Mprotestanti kwa ajili ya mimbari. Usemi huu una ukweli wake. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kwamba Wakristo wasikutanike kamwe pasipo Neno la Mungu kuhubiriwa. Kanisa Katoliki nalo liliwaagiza mapadre kuhubiri siku za Jumapili, lakini moyo wa Misa ulibaki katika sadaka ya altare, iliyotolewa kwa Kilatini. Kwa muumini wa kijijini, basi, mahubiri yalikuwa ndiyo sehemu ya Misa iliyomjia katika lugha aliyoielewa.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliamua kuwa homilia ni sehemu ya liturujia yenyewe, wala isiachwe siku ya Jumapili pasipo sababu nzito. Miongoni mwa maaskofu wa Mtaguso huo alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Kagera, ambaye wakati huo alikuwa Askofu wa Bukoba.

Hata hivyo, tukitaka kuyafahamu mahubiri ya Karagwe, na ya Kyerwa iliyotengwa kuwa wilaya mwaka 2012, hatuna budi kuondoka katika makanisa makubwa ya Kayanga na Lukajange, twende vijijini. Huko padre hafiki kila Jumapili, na mchungaji ana mitaa mingi. Katika kigango anasimama katekista. Katika mtaa wa Kilutheri anasimama mwinjilisti. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 humwachia padre au shemasi homilia ya Misa, lakini katika ibada isiyo na padre katekista husoma Injili na kuifafanua. Wasikilizaji wake, nadhani, hawasumbuki sana na tofauti ya majina.

Kwa Waprotestanti mlango ulipanuka zaidi kwa uamsho uliotokea Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930, ukavuka mpaka hadi upande wa Bukoba. Waliookoka waliungama na kushuhudia hadharani. Mwanamke asiyejua kusoma aliweza kusimama mbele ya wazee na kusema, jambo ambalo halikuwa dogo katika jamii zile, na ambalo baadhi ya viongozi wa kanisa walilitazama kwa mashaka.

Limebaki suala la lugha. Vitabu vingi vya dini vya eneo hili viliandikwa kwa Kihaya, jamaa wa Kinyambo. Kisha Kiswahili kikashika nafasi kubwa. Mhubiri anayesoma Injili kwa Kiswahili na kuifafanua kwa Kinyambo hufanya kazi ya mkalimani papo hapo, bila kitabu cha kumsaidia. Apate mfano katika migomba, kahawa au ng'ombe, nao wazee watamfuata. Akikosea neno, watamsahihisha nje ya kanisa, kabla hajafika nyumbani.