Kutoka Cairo hadi Kampala: Diplomasia ya Nyerere na Vita vya Kagera

Julai 1964 wakuu wa nchi wanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana Cairo wakapitisha azimio la kuheshimu mipaka ambayo kila nchi iliikuta siku ilipopata uhuru. Aliyeliwasilisha azimio hilo ni Julius Nyerere. Haikutimia miaka kumi na mitano kabla majeshi ya nchi yake mwenyewe, Tanzania, hayajavuka mmojawapo wa mipaka hiyo, yakaing'oa serikali ya jirani na kuiteka Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Wako wanaoyaweka matukio haya mawili kando kwa kando wakaona ukigeugeu. Makala hii inashikilia kwamba azimio la Cairo ndilo lililoamua namna Vita vya Kagera vilivyopiganwa, na kwamba balaa lililoiandama Uganda baada ya ushindi lilitokana, kwa kiasi kikubwa, na diplomasia iliyobebwa na heshima ya mtu mmoja.

Mpaka wenyewe, kati ya Tanzania na Uganda, ni zao la diplomasia ya watu wa mbali. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1 Julai 1890, uleule uliozungumzia Zanzibar na kisiwa cha Heligoland, uliweka mpaka wa magharibi mwa Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mto Kagera haukuulizwa. Unapita kusini ya mstari huo, na kati ya mto na mstari ikabaki pembe ya ardhi ambayo kwa mkataba ni ya Tanzania, lakini jeshi lake haliwezi kuifikia kwa urahisi bila kupita daraja la Kyaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 askari wa Idi Amin, rais wa Uganda, waliivamia pembe hiyo. Tarehe 1 Novemba Amin alitangaza kwamba eneo hilo, la takribani kilomita za mraba 1,800, sasa ni la Uganda na kwamba mto ndio mpaka. Siku mbili baadaye daraja likalipuliwa. Raia waliuawa, wanawake wakabakwa, ng'ombe wakaswagwa kuelekea kaskazini, na kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa.

Kwa hiyo aliyelivunja azimio la Cairo kwanza, tena hadharani, ni Amin. Nyerere alitarajia OAU iseme hivyo. Haikusema. Mwenyekiti wake wa mwaka huo, Jaafar Nimeiry wa Sudan, alihimiza kusitisha mapigano na kuzungumza, kana kwamba aliyevamia na aliyevamiwa wana daawa sawa mbele ya baraza. Masharti ya Nyerere yalikuwa manne: OAU iulaani uvamizi, Amin aache kudai ardhi ya Tanzania, aahidi kutorudia, na alipe fidia. Sioni ndani yake sharti ambalo taasisi iliyoasisiwa kulinda mipaka ingepaswa kuona zito. Lakini OAU ilikuwa imezoea kuyaita matendo ya wakuu wa nchi mambo ya ndani, na mwaka 1975 Amin mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake.

Lazima tukiri kwamba mikono ya Tanzania haikuwa safi kabisa. Baada ya Amin kumpindua Rais Milton Obote Januari 1971, Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na kukataa kumtambua Amin. Septemba 1972 wafuasi wa Obote waliishambulia Uganda wakitokea Tanzania, wakashindwa vibaya. Mkataba wa Mogadishu, uliosimamiwa na Siad Barre wa Somalia mwezi uliofuata, ulizitaka pande zote mbili zirudishe majeshi kilomita 10 kutoka mpakani na ziache kuwafuga wapinzani wa upande mwingine. Risasi zilinyamaza, uhasama ukabaki. Wanaosema Nyerere aliingilia mambo ya jirani tangu zamani hawasemi uongo, na mtetezi wake anayelipita jambo hili haraka anaidhoofisha hoja yake mwenyewe.

Hotuba ya Nyerere ya 2 Novemba 1978 katika ukumbi wa Diamond Jubilee, ile ya kuwa na uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin, Watanzania wengi wanaikumbuka kwa moyo. Ililenga kumtoa mvamizi. Hata Mutukula, ndani ya Uganda, ilipotwaliwa Januari 1979, na Masaka na Mbarara Februari, msimamo uliotolewa ulikuwa kwamba Amin ataangushwa na Waganda wenyewe. Kilichobadili hesabu ni Libya, iliyomsaidia Amin. Askari wa Muammar Gaddafi walikutana na wa Tanzania huko Lukaya mwezi Machi, na baadaye mwezi huohuo Gaddafi akampa Nyerere saa 24 ayaondoe majeshi yake Uganda. Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba Walibya walikuwa tayari vitani, hivyo tishio hilo halikuwa na jipya. Ndege ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza ilikosa shabaha. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua swala wa hifadhi.

Hapa ndipo tunapoiona diplomasia ikifanya kazi ndani ya vita vyenyewe. Kampala ilipokaribia kuzingirwa, mantiki ya kijeshi ilidai njia zote zifungwe. Nyerere aliagiza barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Hakutaka mji huo ugeuke kaburi la mamia ya askari wa nchi ya Kiarabu, na vita vya kujilinda vitafsiriwe kuwa vita kati ya Waafrika na Waarabu ndani ya OAU ileile ambayo bado aliihitaji. Uamuzi huo ulikuwa na gharama, kwa sababu mabaki ya utawala wa Amin nayo yalikimbilia mashariki. Hata hivyo nauhesabu miongoni mwa maamuzi ya busara kubwa ya vita vile. Kamanda aliyeko mstari wa mbele asingeweza kuufanya, na OAU, ikiwa kimya, isingeweza kuuomba. Uliletwa na mtu mmoja, na ni katika nafasi kama hiyo, taasisi zinapokwama, ndipo mtu mmoja hupata uzito mkubwa katika historia.

Uzito huohuo ndio uliolemea mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, uliofanyika Moshi, Tanzania, 24 hadi 26 Machi 1979. Ilibidi ipatikane haraka serikali ya Waganda, ili jeshi la Tanzania lisiingie Kampala kama mtawala mgeni. Nyerere alimshawishi Obote asihudhurie. Vikundi vilivyokuwa havipatani, baadhi ya wasomi, baadhi ya wapiganaji, vikaungana kwa siku tatu na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Aliapishwa kuwa rais siku mbili baada ya Kampala kuanguka. Kisha swali dogo, kama rais anaweza kuteua mawaziri bila idhini ya Baraza la Ushauri lililoundwa Moshi, likamwondoa tarehe 20 Juni, baada ya siku 68. Wananchi wa Kampala waliandamana kumtetea, huku Lule akiwekwa Dar es Salaam kwa muda. Godfrey Binaisa aliyemrithi aliondolewa na wanajeshi Mei 1980, na maelfu ya askari wa Tanzania waliokuwa bado nchini humo hawakuzuia. Desemba Obote alirudi madarakani kwa uchaguzi uliopingwa, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni kupigana naye. Moshi ilikuwa imepata uhalali kutoka kwa mwenyeji wake, na uhalali wa namna hiyo hauhamishiki. Ugomvi ulipozuka, Waganda waliangalia Dar es Salaam inataka nini, kwa kuwa katiba yao mpya haikuwa na mizizi.

Katika mkutano wa OAU mjini Monrovia, Julai 1979, Nimeiry na Olusegun Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania mbele ya wakuu wenzao. Mkutano huohuo ukaamua uandaliwe mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na watu, uliopitishwa Nairobi 1981. Sidai kwamba Vita vya Kagera peke yake ndivyo vilivyouzaa, ila ukimya wa 1978 ulikuwa umekwisha kuwa aibu. Mwaka 2000, ibara ya 4(h) ya Sheria ya Kuunda Umoja wa Afrika iliupa Umoja haki ya kuingilia kati penye uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa uamuzi wa Baraza la wakuu wa nchi: kwa maafikiano, na yakikosekana, kwa theluthi mbili ya wanachama. Uamuzi aliouchukua Nyerere peke yake sasa umewekwa mezani pa wote. Kwa jinsi baraza la 1979 lilivyogawanyika, theluthi mbili hizo asingezipata.