Somo la Redio: Mbaraka Mwinshehe, Mpiga Gitaa wa Morogoro

Wekeni redio mahali ambapo kila mtu ataisikia, kisha fungueni daftari zenu.

Leo hatutasoma habari za vita wala za watawala. Tutasoma habari za mtu aliyefanya kazi kwa vidole vyake na kwa sauti yake. Jina lake ni Mbaraka Mwinshehe. Labda mmoja wenu atauliza, "Je, mpiga gitaa naye ana historia?" Ndiyo, anayo. Tena historia yake inawahusu hata ninyi mnaolima nyanya.

Mbaraka alizaliwa mwaka 1944 huko Mzenga, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Kisarawe, Mkoa wa Pwani. Mwaka huohuo, katika mji wa Morogoro, ilianzishwa bendi ya dansi iliyoitwa Morogoro Jazz. Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba mtoto yule na bendi ile watakuja kukutana.

Mji wa Morogoro mnaujua. Ukipanda basi hapo Ilula kwenda Dar es Salaam, unateremka Kitonga, unapita Ruaha Mbuyuni na Mikumi, halafu unafika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko mwaka 1907, na mashamba ya katani yakaenea pande zile. Wafanyakazi walitoka makabila mengi, na kila mwisho wa mwezi walipokea mshahara. Walitaka mahali pa kucheza na kusahau uchovu, na walitaka nyimbo za lugha ambayo wote waliielewa, yaani Kiswahili. Sahani za santuri zenye muziki wa Cuba zilikuwa zimekwisha kuenea Afrika ya Mashariki. Vijana walizisikiliza, wakaiga, kisha wakatunga nyimbo zao wenyewe.

Basi Morogoro ikapata bendi mbili zenye sifa kubwa. Moja ilikuwa Morogoro Jazz. Ya pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965. Katika miaka hiyo ya kati ya 1960 Mbaraka alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, naye akaingia Morogoro Jazz.

Sasa sikilizeni kidogo habari za kazi yenyewe. Katika bendi ya dansi magitaa huwa zaidi ya moja. Gitaa la besi hutoa sauti nzito ya chini. Hilo ni kama msingi wa nyumba. Gitaa la pili hurudia mapigo yaleyale bila kuchoka, ili wachezaji wasipotee. Gitaa la solo ndilo linalozungumza. Mwimbaji akinyamaza, solo hujibu, kama mzee anavyopokea maneno ya mwenzake barazani. Mbaraka alipiga solo, akaimba, na tena akatunga nyimbo. Hizo ni kazi tatu, naye alizifanya zote.

Nyimbo zake zilihusu mambo ya watu wa kawaida. Mmoja aliuita "Pole Dada". Mwingine aliuita "Jogoo la Shamba", na ninyi nyote mnaijua methali iliyozaa jina hilo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilipelekwa Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya mataifa. Mbaraka akatunga wimbo wa safari hiyo, akauita "Expo 70". Kumbukeni kwamba mwaka huo wa 1970 ndio Mwalimu Nyerere alioutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu wengi wakati huo hawakujua kusoma. Kwao wimbo wa redioni ulikuwa kama gazeti: uliwaletea habari za mbali, nao wakazishika kwa moyo.

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz, akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Hilo halikuwa jambo dogo. Siku zile bendi nyingi zilikuwa mali ya mtu mwenye fedha, au ya jeshi, au ya kiwanda, au ya chama cha wafanyakazi. Hata Iringa, miaka ya 1980, kiwanda cha kukata almasi cha Tancut kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi. Magitaa, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mpigaji akiondoka, huondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo mtu aliyeanzisha bendi yake alikuwa kama mkulima anayeacha kibarua na kwenda kufyeka shamba lake mwenyewe.

Lakini shamba lina soko lake. Tanzania wakati ule haikuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Redio yetu ilirekodi bendi, na watu wakazisikia nchi nzima. Ila sahani za kuuzwa dukani zilitengenezwa Kenya. Nyimbo za Mbaraka, kama ule wa "Shida", zilipendwa sana huko pia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Hata hivyo nyimbo hazikuwa na mpaka. Watu wa pande zote mbili waliendelea kuzipenda.

Mwezi wa Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa. Huko alipata ajali ya gari, akafariki. Umri wake ulikuwa miaka 34 tu. Baadaye nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa tena nchini Kenya, katika sahani zilizoitwa "Ukumbusho". Mwenye sauti amezikwa, lakini sauti yake ingali inauzwa, inanunuliwa na kuchezwa.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Ninyi mkijaza tenga la nyanya, mnaliona kwa macho. Mnunuzi akitaka lumbesa, mnajua kwamba anawaibia. Wimbo hauonekani kwa macho. Mtu akiubeba, mwenyewe hajui umebebwa. Kinachomlinda ni karatasi: jina lake lililoandikwa, tarehe, na mkataba aliousoma kabla ya kutia sahihi. Angalieni wimbo wa "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na Miriam Makeba wa Afrika Kusini akaupeleka mbali duniani. Lakini watu wamebishana miaka mingi kuhusu aliyeutunga, na wengine husema ni Adam Salim. Ubishi huo ungekwisha zamani kama pangekuwa na karatasi moja iliyoandikwa vizuri mapema.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Hakimiliki mwaka 1966, na nyingine mwaka 1999. Sheria hiyo ya 1999 ilisema kwamba haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake, wimbo ni urithi wa watoto, kama lilivyo shamba. Lakini sheria haimfikii mtu asiyeweza kuonyesha kwamba mali ni yake.

Basi, ndugu zangu, msione haya kushika kalamu mkiwa na mvi. Mkono uliozoea jembe huona kalamu nyepesi mno, ndiyo sababu hutetemeka. Mkono wa mpiga gitaa nao ulitetemeka siku ya kwanza. Rudieni kila siku, na siku moja mtasoma mkataba wenu wenyewe, neno kwa neno.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mbaraka Mwinshehe alizaliwa mwaka gani, na wapi?
2. Kwa nini dansi ilistawi katika mji wa Morogoro?
3. Gitaa la solo hufanya kazi gani?
4. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Kwa sheria ya 1999, ongezeni miaka 50. Mnapata mwaka gani?
5. Taja karatasi moja uliyotia alama ya dole gumba bila kuisoma. Ingesema nini kama ungeisoma?

Kwaherini hadi somo lijalo.