Mtunzi wa Ridhaa: Kutoka Bao la Butiama Hadi Jamu ya Michezo

Neno mchezo katika lugha yetu halikupewa heshima linayostahili. Tukitaka kumwonya mtu kwamba jambo lililo mbele yake ni zito, twamwambia kuwa hilo si mchezo. Na kijana anayepoteza wakati wake husemwa kwamba anacheza. Hata hivyo neno hilo hilo twalitumia kwa tamthilia ichezwayo jukwaani, kwa mpira uwakusanyao maelfu ya watu uwanjani, na kwa utaratibu wa akina mama wa kuchangiana fedha kwa zamu, ambao bila uaminifu hauwezi kudumu hata miezi miwili. Tukitazama vizuri tutaona kwamba mambo haya yote yana sifa moja: yana kanuni zilizokubaliwa na wote, yana zamu, na kila aingiaye huingia kwa hiari yake. Basi kutunga mchezo ni kutunga kanuni ambazo watu wengine watakubali kuziishi kwa muda. Nia ya insha hii ni kueleza historia ya watu wanaofanya kazi hiyo pasipo ujira, na kuonyesha kwamba nchi ya Mara si ngeni katika historia hiyo.

Tuanze na bao, maana ndilo mchezo wetu mkongwe. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaliyopangwa katika safu 4 za mashimo 8, na kete zake ni 64. Kila mchezaji hutawala safu mbili. Mwanzoni huweka kete 10 tu upande wake, akabaki na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja. Hatua hiyo huitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha, ndipo wachezaji huingia katika mtaji. Kila upande una shimo moja liitwalo nyumba, lenye sheria zake peke yake. Lakini ukitoka pwani ukafika katika nchi zinazolizunguka Ziwa Nyanza, utakuta mashimo ni yale yale na kanuni ni nyingine. Omweso wa Baganda hauna nyumba wala kunamua: kete zote huwamo ubaoni tangu mwanzo, na mchezaji hawezi kula mpaka mashimo mawili ya mwenzake yanayolikabili shimo lake yote yawe na kete. Wasukuma wana isolo yao, Wajaluo wana ajua yao, na wazee wa Mara wana soro yao. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, yako mabao yaliyochongwa katika miamba yenyewe, na waliochonga wamekwisha kusahauliwa.

Mtaalamu wa Marekani, Stewart Culin, aliandika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa kwamba michezo ya jamii hii ndiyo mchezo wa taifa wa Afrika. Sifa hiyo ni nzuri, walakini inaficha jambo moja. Afrika haikutunga mchezo mmoja ikakaa kimya. Mahali fulani, siku fulani, mtu alisema: "Tuongeze nyumba." Mtu mwingine, mahali pengine, alisema: "Mtu asile mpaka mashimo yote mawili yamejaa." Wenzake wakajaribu, kama mchezo ulinoga wakaendelea nao, na kama haukunoga wakaurudisha ulivyokuwa. Watu hao hawakuwa na mshahara wala cheo cha utunzi. Walikuwa wavuvi, wachungaji na wakulima waliopumzika chini ya mti. Sisi twasema michezo ya ridhaa tukikusudia ile isiyochezwa kwa malipo. Basi hawa tuwaite watunzi wa ridhaa.

Katika Butiama bao lina hadithi yake mashuhuri. Yasimuliwa kwamba Kambarage, mwana wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa hodari wa soro tangu utotoni, hata akawashinda watu wazima. Na kwamba mmoja wa watemi wa jirani, alipoona akili ya mtoto huyo ubaoni, alimshauri mzee Burito ampeleke shule. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Kambarage aliingia shule ya Mwisenge mjini Musoma, safari ya takriban maili 26 kutoka nyumbani kwao. Yaliyofuata yanajulikana na kila mwanafunzi. Na baada ya kuacha urais mwaka 1985, Mwalimu alirudi Butiama, na huko wanakijiji waliendelea kucheza naye bao mpaka karibu na mwisho wa maisha yake.

Aghalabu hadithi hii hutolewa ili kumsifu mchezaji. Lakini hapana budi tumkumbuke pia mtunzi. Kama ubao ule uliweza kuipima akili ya mtoto ambaye bado hajui kusoma, ni kwa sababu watu wa kale, wasiojulikana majina yao, waliziweka kanuni zake kwa ustadi mkubwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Sasa swali letu ni hili: na mtunga mchezo kwao, je, hutuzwa na nani?

Katika zama hizi za kompyuta swali hilo limepata jibu moja la ajabu, nalo ni kile kikao kiitwacho jamu ya michezo. Hii si jamu ya kupaka mkate. Jina limetoka kwa wapiga muziki wa jazi, ambao hukutana usiku na kupiga pamoja pasipo kujiandaa, kila mmoja akiitikia sauti ya mwenzake. Mwezi wa Machi 2002, katika mji wa Oakland huko California, wataalamu wachache wakiongozwa na Chris Hecker na Sean Barrett walikutana kwa siku chache kutunga michezo ya majaribio. Walipewa programu moja ya msingi, iliyoweza kuonyesha vikaragosi laki moja kwa mara moja, na kila mtu akatakiwa aone atakachofanya nayo. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Mwezi uliofuata, Aprili 2002, Geoff Howland alianzisha shindano lingine lililofungua mlango kwa mtu yeyote, akaliita Ludum Dare, maneno ya Kilatini yenye maana ya kutoa mchezo. La kwanza lilikuwa la saa 24. Baadaye muda ukawa saa 48.

Kanuni za Ludum Dare zafaa kuelezwa, maana ndani yake mna hekima. Mada huchaguliwa kwa kura na kutangazwa saa ile ile shindano linapoanza, ili mtu asije na kazi aliyokwisha kuifanya. Katika shindano la saa 48 mtunzi hufanya kazi peke yake, na picha, sauti na programu vyote avitengeneze ndani ya muda huo. Muda ukiisha, washiriki wenyewe huchezeana michezo na kupeana alama, na asiyecheza kazi za wenzake hawezi kutumaini kwamba ya kwake itachezwa. Tuzo hakuna. Mwaka 2011 Markus Persson, mtunzi wa Minecraft, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kupata sifa ya dunia nzima, alishiriki katika shindano hili mara mbili, akaketi na wanagenzi na kuhukumiwa nao. Hivi ndivyo ilivyo kwenye bao: akiketi mtemi mbele ya mtoto, kete hazimjui mtemi.

Mwaka 2009 ilianza Jamu ya Michezo ya Dunia, ambayo washiriki wake hukusanyika katika vituo. Mwaka huo wa kwanza vituo vilikuwa 53 katika nchi 23. Kwa desturi yake ya awali, kazi ilianza siku ya Ijumaa saa kumi na moja jioni kwa saa za kila nchi, ikafuata jua kutoka Pasifiki hadi Amerika. Mwaka 2013 mada yake haikuwa neno hata moja: washiriki walisikilizishwa mapigo ya moyo, basi. Kwa mada hiyo, Mwingereza na Mjita walikuwa sawasawa. Tena jamu hiyo hupokea hata michezo isiyo ya kompyuta, ya karata na ya ubao. Mtu mwenye kadibodi, kalamu na mbegu za mkomwe amekwisha kuwa na vifaa.

Labda msomaji atasema kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali wenye umeme usiokatika. Historia ya jirani zetu yajibu. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa mchezo wa The Adventures of Nyangi, alioutunga kwa maarifa aliyojifundisha mwenyewe. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha kampuni ya Leti Arts. Lual Mayen, ambaye wazazi wake waliikimbia vita ya Sudani ya Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini ya Uganda. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu mpaka zikatimia dola 300, akamnunulia kompyuta. Naye kijana akawa anakwenda mwendo wa saa tatu kwa miguu ili kupata mahali pa kuichaji. Hapo ndipo alipotunga Salaam, mchezo wa amani, na mwaka 2018 akatambuliwa katika hafla ya Game Awards huko Marekani. Huyu hakungoja hali njema. Alitunga katika hali aliyokuwa nayo.

Mwingine atapinga kwa methali: haraka haraka haina baraka, na mchezo wa saa 48 utakuwa na faida gani? Pingamizi hili ni la haki, na lazima lijibiwe kwa haki. Michezo mingi itokayo katika jamu ni mibovu; mingine haimaliziki, na mingine humalizika isichezeke. Lakini ufupi wa muda ndio mwalimu. Mtu wa ridhaa aliye na mwaka mzima atawaza mchezo mkubwa wa mashujaa na majeshi, wala hataumaliza. Mwenye siku mbili hulazimika kujiuliza: kanuni moja iliyo kiini cha mchezo huu ni ipi? Akiipata, usiku wa kwanza ataijaribu kwa umbo la miraba mitupu isiyo na picha. Siku ya pili ataondoa nusu ya aliyoyapanga. Akishindwa, amepoteza siku mbili tu na amepata somo, kwani kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Na watunzi wa soro, je, hawakufanya vivyo hivyo? Walichimba mashimo mchangani, wakajaribu, wakafuta kwa kiganja.

Mara ina mada ambazo California haina. Wakulima wa Bunda, wapakanao na Serengeti, hukesha wakilinda mahindi yao dhidi ya tembo, na katika Tanzania umejaribiwa uzio wenye mizinga ya nyuki na uzio wa kamba zilizopakwa pilipili. Hapo pana mchezo tayari: usiku mmoja, shamba moja, mizinga michache, na mnyama ambaye haifai kumwua. Mvuvi wa Musoma ahesabuye upepo wa alfajiri na upepo wa jioni anajua kanuni za ziwa ambazo hazijaingizwa katika mchezo wowote. Na zana zapatikana bure: Scratch, iliyotolewa mwaka 2007, yaweza kutumika kwa Kiswahili, na Godot haina ada wala leseni ya kununua.

Hatari iliyopo si kwamba vijana wetu wacheza mno. Hatari ni kwamba wacheza kanuni za watu wengine tu, katika simu zao, bila kujua kwamba kila kanuni ina aliyeiweka na kwamba yaweza kuwekwa nyingine. Babu zao hawakuwa hivyo. Walipokea ubao wenye mashimo 32 wakaugeuza kuwa wa kwao, na kwa ubao huo mtoto mmoja wa Butiama akaonekana anafaa kwenda shule. Shule na vyuo vya Mara vyaweza kutenga siku mbili kwa mwaka, vikatoa mada jioni na kufungua madarasa usiku kucha, kisha wanafunzi wakachezeana kazi zao hadharani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mahafali. Mcheza kwao hutuzwa. Yatupasa sasa kumtafutia tuzo yake aliyeutunga huo mchezo.