Kabla ulipie fomu ya chuo cha Marekani, jua historia ya hiyo kiti

Wasee, wengi wetu tukituma maombi kwa vyuo vya umma vya Marekani hatujui kitu kimoja: huko, msee wa Nairobi na msee wa New York wanaweza kuwekwa kapu moja. Wote ni watu wa nje ya jimbo.

Cheki North Carolina. Chuo chao cha Chapel Hill kilianza kupokea wanafunzi 1795. Ni cha jimbo, na mlipa kodi anataka mtoto wake aingie kwanza. Ndiyo maana 1986 kikomo kiliwekwa: watu wa nje wasizidi asilimia 18 ya wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza.

California nayo iliteleza. Uchumi ulipoanguka 2008, jimbo likakata pesa za vyuo. Vyuo vikaanza kuwinda watu wa nje, juu wao hulipa karo zaidi ya mara mbili ya wenyeji. Wazazi wakalalamika. 2016 mkaguzi wa jimbo akavikosoa, na 2017 kampasi nyingi zikawekewa asilimia 18. Berkeley na UCLA, ambazo tayari zilikuwa zimepita hapo, zikaachwa na kiwango chao.

Kwa hivyo mlango hufunguka na kufungwa kulingana na bajeti na siasa za jimbo. Ukikataliwa, usijiite mjinga. Na kabla ulipie fomu, uliza kwanza: watu wa nje wametengewa viti vingapi, na karo yao ni ngapi?