Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, mnamo 1880 – 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarabu kutoka Zanzibar. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye nyimbo zake zilirekodiwa na kuuzwa kwenye santuri. Alitoka shamba, kama Waunguja wanavyoita sehemu yote iliyo nje ya mji, na muziki aliokuja kuuimba ulikuwa mali ya kasri na ya matajiri. Mabadiliko aliyoyaleta yanaonekana katika mambo mawili: aliimba kwa Kiswahili, na aliimba habari za watu wa kawaida.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Wakati huo halikuwa jina la kushangaza: utumwa ulikuwa bado halali Zanzibar hadi mwaka 1897.

Familia yake ilikuwa maskini na hakupata elimu ya shule. Alijifunza ufinyanzi kutoka kwa mama yake, kisha akawa anabeba vyungu kichwani na kuvipeleka kuuza mjini, akivinadi kwa kuimba. Inasimuliwa kwamba wateja walimjua kwa sauti kabla hawajamwona.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905. Ali Muhsin alimfundisha kuimba pamoja na matamshi ya Kiarabu. Jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu maana yake ni bibi au mwanamke wa heshima, alilipata mjini baada ya kuanza kusifika. Mtu aliyeitwa Mtumwa akaitwa Bibi, na hakuna aliyeona kuwa ni kichekesho.

Taarabu kabla yake

Taarabu ililetwa Zanzibar kutoka Misri katika enzi ya Sultani Barghash bin Said (1870–1888), ambaye alipenda wanamuziki wa Cairo wampigie katika kasri lake. Iliimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wake walikuwa wanaume. Msikilizaji asiyejua Kiarabu aliweza kufurahia udi na fidla, lakini maneno yalimpita.

Kikundi cha Siti kilikuwa na makao Ng'ambo, upande wa mji ambako waliishi wachukuzi, mafundi, wauzaji wadogo na wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Wenzake walikuwa pamoja na Subeit bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mbaruk na Mwalimu Shaaban. Walialikwa kupiga kwenye majumba ya wakubwa, hata mbele ya Sultani Khalifa bin Harub, na usiku mwingine walipiga nyumbani kwa Siti, ambako majirani walisikiliza na kuzungumza juu ya yaliyotokea mjini. Nyimbo nyingi zilitokana na mazungumzo hayo.

Nyimbo

Maarufu kuliko zote ni Kijiti. Unahusu tukio la kweli: mwanamke mgeni aliuawa na mtu aliyeitwa Kijiti baada ya kualikwa kwenye starehe, muuaji akatoroka kisiwani, na mahakama ikawatia hatiani wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Watu wa Ng'ambo waliona kwamba haki imepinda. Hawakuwa na gazeti lao wala kiti katika baraza la kutunga sheria, lakini wimbo ulienea mtaa kwa mtaa na ungali unaimbwa. Kwa sababu hiyo watafiti wa historia ya Zanzibar huzisoma nyimbo za Siti kama kumbukumbu za mahakama na maisha ya mjini, jambo ambalo nyaraka za serikali ya kikoloni hulieleza kwa upande mmoja tu.

Hakukosa maadui. Wapinzani wake walimkejeli kwa wimbo kwamba alikuja mjini amevaa kaniki na kwamba bila sauti yake asingekuwa na chakula. Kaniki ni nguo nyeusi ya bei nafuu iliyovaliwa na watumwa na maskini, kwa hiyo tusi lilihusu nasaba yake. Siti naye alijibu kwa wimbo: sura si kitu, kinachotakiwa ni akili na tabia.

Santuri

Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri kwa meli hadi Bombay, Uhindi, kurekodi kwa kampuni ya HMV, ile yenye nembo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Upande mmoja wa santuri za wakati huo ulichukua dakika tatu au nne, ilhali wimbo wa taarabu barazani hauna haraka. Mara nyingi ilibidi wimbo ukatwe ugawanywe pande mbili. Hata hivyo santuri zilinunuliwa sana, na kampuni nyingine zikaanza kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Gramafoni iliipeleka sauti yake mahali ambako hakuwahi kufika mwenyewe.

Wasifu na kumbukumbu

Kabla ya kifo chake alihojiwa na mwandishi Shaaban Robert (1909–1962), aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu kilichotoka mwaka 1958. Kimesomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania. Kwa wanafunzi wa mbali na pwani, kama hapa Rungwe ambako watoto wengi hukua na Kinyakyusa nyumbani, Siti alijulikana kwanza kwa maandishi, na sauti ikaja baadaye kama ilikuja. Shaaban Robert anamtukuza zaidi kama kielelezo cha mwenendo mwema na bidii. Anayetaka kujua ukali wa nyimbo zenyewe hana budi kusikiliza santuri.

Bi Kidude (aliyefariki 2013) aliendelea kuimba nyimbo za Siti jukwaani, Kijiti ukiwemo, hadi uzeeni. Chama cha wanahabari wanawake wa Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.