Kipande Shingoni

Sheria ya mwaka 1915 iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya ya kikoloni kuandikishwa. Utekelezaji wake ulishika kasi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila aliyetimu miaka 16 alipewa kipande chenye jina, alama za vidole, mwajiri na ujira wake, akakining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mwajiri aliandika, askari alidai kusoma, na aliyeondoka kazini bila saini ya bwana wake alisakwa kama mtoro. Mbebaji hakuruhusiwa kufuta hata nukta. Sheria ya Kenya ya kulinda taarifa binafsi, ya 2019, inampa mtu haki ya kuzionyeshwa taarifa zake na kudai makosa yasahihishwe. Wajukuu wa waliovaa kikebe wasiache kuidai.